Fundi wa Springi Asiyepanda Gari

Kila asubuhi, kabla hajagusa nyundo, alitundika kanzu yake kwenye msumari wa mlangoni, akavaa kaptura yenye viraka vya turubai. Kanzu ilibaki pale kutwa, ikipepea juu ya moshi wa mkaa na vumbi la kutu, na sijui kwa ujanja gani haikupata doa. Kazi ikimalizika, hata kama mwenye gari alikuwa anakanyaga ardhi kwa haraka, mzee alinawa mikono kwa majivu na ndimu, akavaa kanzu, akaweka kofia sawa, ndipo akasema, "Haya, gari lako hilo." Hakumkabidhi mtu gari akiwa na kaptura. Alisema mteja anayepokea springi kutoka kwa mtu mwenye matambara atazitumia kama matambara.

Watu wa Kisarawe walimwita Fundi wa Springi, na baadaye Fundi peke yake, ingawa mafundi walikuwepo wengi, wa cherehani, wa milango na wa baiskeli. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza, nami nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu.

Mimi nilikuwa mpita njia. Shule niliiacha mwalimu akiwa bado anahangaika kutufundisha kugawanya, na tangu hapo nikawa naifuata dunia inakokwenda. Nilikata mkonge, nilipakia magogo kwenye mabehewa, nikawa utingo wa malori. Kisarawe nilifika miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, juu ya lori lililovunjika springi kwenye kilima cha Pugu. Lori lilitengenezwa likaondoka. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa sijaelewa alichokifanya Fundi.

Kwa asiyejua, nitaeleza kama alivyonieleza yeye, akichora kwa kijiti ardhini. Chini ya gari, kila upande, kuna fungu la vyuma bapa vilivyopinda kama upinde, vimelaliana, kirefu juu na vifupi chini. Kila kimoja ni jani. Lile jani refu limekunjwa ncha zote mbili likawa na matundu, ndiyo macho, na kwa macho hayo springi hushika mwili wa gari. Jani hilo aliliita mama. Bolti moja hupenya fungu zima kulifunga pamoja, na pale penye bolti ndipo springi inapokalia ekseli, ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili. Gari likipita shimo, majani yanajinyoosha na kujikunja, yanasuguana, na yule aliyekaa juu anadhani barabara ni nzuri.

"Barabara si nzuri," Fundi alisema. "Kuna mtu chini yako anaumia kwa niaba yako."

Unyenyekevu haukuwa sifa yake. Alikuwa mtu wa kujisifu, tena kwa sauti. Gari lolote linalotembea kutoka Pugu hadi Maneromango, alisema, limepita mikononi mwake, na kama halijapita liko njiani. Alipenda kutazamwa akifanya kazi. Wasipokuwepo watazamaji, nyundo yake ilipiga kwa uvivu. Akitokea hata mwanamke mmoja na kikapu cha mihogo akasimama kupumzika, nyundo ilipata mdundo kama ngoma. Aliwagombeza wateja wake wote. Mwenye lori akileta gari lililozidishiwa mzigo, alimsimamisha juani na kumhoji kama kadhi: ulipakia nini, kutoka wapi, nani alikushauri? Lakini jani lililopasuka alilitoa kwenye gari kwa mikono miwili, taratibu, na nilimsikia mara nyingi akiliambia, "Pole, mama. Pole sana."

Katika mambo mengine alikosea sana, na hakuna aliyeweza kumrekebisha. Aliamini ndege zina springi ndani ya mabawa, na askari mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi kiwanja cha ndege alipombishia, Fundi alimwambia kwamba alipewa kazi ya kufagia ndiyo maana hakuonyeshwa. Ndimu hakuitia kwenye chai hata akiwa na mafua. Kitu kinachong'oa kutu kwenye chuma, alisema, hakitashindwa kung'oa utumbo. Na maandazi, vitumbua, kitu chochote cha sukari, hakukipenda. Hata hivyo kila asubuhi alipita sokoni kununua vitumbua kwa mama mmoja aliyekuwa na mkono wa kushoto uliopinda kwenye kiwiko. Alivileta karakana vikiwa moto, akatugawia sisi tuliomsaidia kazi, yeye akanywa chai kavu. Nilimuuliza kwa nini anunue asichokula.

"Wewe unakula?" akaniuliza.

"Nakula, mzee."

"Basi kula."

Kanuni zake za kazi hazikuwa nyingi. Ya kwanza, springi hazibadilishwi upande mmoja. Magari yetu yanapita kushoto, na barabara zimeinamia pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo springi ya kushoto huchoka mapema. Mteja alikuja akitaka hiyo moja tu. Fundi alimtazama miguuni. "Nikikununulia kiatu kipya cha mguu mmoja," alisema, "utanishukuru?" Ya pili, jani halinunuliwi kwa macho. Alilining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Jani zima lililia muda mrefu kama kengele ya kanisa la mbali. Lenye ufa lilisema neno moja likanyamaza.

Ya tatu ndiyo iliyomfanya ajulikane. Springi mpya zikishawekwa, zile bolti za kwenye macho hakuzikaza mpaka gari liwe limekaliwa na uzito. Chuma kikikazwa kikiwa kimening'inia, alisema, kitapigana na bolti yake maisha yote. Mafundi wengine walipakia mawe au magunia ya mchanga. Yeye aliita watu. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akapaza sauti: "Njooni mkae!" Nao walikuja, maana ilikuwa starehe. Akina mama waliweka vikapu chini, wazee walipandishwa kwa kusukumwa, vijana waliotoka msikitini walining'inia ubavuni. Gari lilijaa kama linakwenda harusini, nalo halikwenda popote. Fundi alijilaza chini yake na spana.

"Msicheke! Mkicheka springi inacheza!"

"Fundi, huyu bibi peke yake anatosha gunia mbili!"

"Na wewe mifupa yako hata haihesabiki, shuka upishe watu!"

"Kimya huko juu! Nafunga ya kushoto!"

Kisha alitoka chini, akajipangusa, na kila mara kulikuwa na mtu wa kumuuliza, "Na wewe Fundi, mbona hukai hata siku moja?"

"Mimi nikikaa, nani atafunga?" alijibu.

Hilo ni jibu zuri kwa mtu anayefunga. Lakini hata alipokwisha kufunga hakukaa, na hata gari lilipokwenda kujaribiwa hadi Pugu na kurudi hakupanda. Hakupanda gari lolote. Msibani, harusini, mjini, alikwenda kwa miguu, na mahali palipokuwa mbali alitoka alfajiri. Mtu aliyetengeneza miguu ya magari yote ya wilaya alitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Jambo hili lilimsumbua mtu mmoja kuliko wote, naye alikuwa Dereva.

Dereva alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kwa treni akiwa kijana, akashuka Kwala kunywa maji, na kama alivyopenda kusema, alikuwa bado anayanywa. Alioa Mzenga, akazaa huko, akapanga chumba Kisarawe karibu na karakana. Alikuwa na gari ambalo hata wakati ule lilikuwa la kale: lenye taa kama bakuli, na magurudumu yaliyotiwa njiti za mbao. Lilikuwa la bwana mmoja wa shamba la mkonge, likatelekezwa bandani miaka mingi, Dereva akalinunua na kuling'oa nyuma akaweka bodi la mbao. Alibeba watu na mazao kati ya Kisarawe na Mzenga, na siku nyingine hadi Kwala kupokea abiria wa treni. Kulikuwa na malori yenye nguvu zaidi. Ila masika ikichachamaa, lile lilipita kule malori yanakolala.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na Fundi alijihesabu Mzaramo, kwa hiyo yeye na Dereva hawakuacha siku ipite bila kuutumia utani wao. Kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wangu.

"Shikamoo shati lako, mtumwa wangu, wewe mwenyewe sina haja nawe," Dereva alisema akiingia karakana.

"Marahaba ya shati nimeipokea. Shingo yako bado haijarudi? Au bado unajidhania mpagazi mwenye mzigo kichwani?"

"Shingo yangu imefika Ujiji na kurudi. Wewe hujafika hata Pugu ukiwa umekaa. Jamani, mpishi asiyeonja mchuzi wake, mnakula kwake?"

Watu walicheka, na Fundi alicheka nao, lakini nilimwona mara kwa mara akigeukia mkaa wake kabla kicheko hakijaisha.

Kilichokuwa kinagombaniwa baina yao kilikuwa hicho tu, na mji mzima ulijua. Dereva alitaka Fundi akae ndani ya gari lake, mara moja tu, waende Mzenga na kurudi. Fundi alisema hapana. Kwa mmoja lilikuwa jambo la heshima: rafiki yake alikuwa anamtengenezea gari lakini hakubali kukaa naye ndani yake. Kwa mwingine lilikuwa jambo ambalo wakati ule sikulijua.

Kisha mama wa gari la Dereva akavunjika. Namaanisha lile jani kuu, upande wa kushoto, nyuma. Springi za gari lile hazikuwa zikiuzwa tena mahali popote, maana hata waliolitengeneza walikuwa wameshalisahau. Fundi alisikia kwamba Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, kulikuwa na lundo la vyuma vya malori ya jeshi yaliyoachwa baada ya vita. Akaamua twende huko tukatafute mfano wake.

Alitengeneza kipimo chake. Alichukua ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonewa mikeka, akaulaza juu ya mgongo wa springi ya kulia iliyokuwa bado nzima, akaufuatisha mpindo wake kutoka jicho hadi jicho. Alinieleza kwamba ukipima kwa fimbo iliyonyooka utapata urefu wa uongo, kwa kuwa springi iliyochoka imelala na kujinyoosha, na mpya imejikunja. Bali mgongo wa chuma haubadiliki. Akafunga fundo pale penye bolti ya kati. Halafu akachomoa uzi mwekundu mfukoni, akaufunga kwenye ncha moja ya ukili.

"Huo wa nini, mzee?"

"Mbele ni huku," alisema.

Gari lilikwenda Kibaha likiwa limekingiwa gogo mahali pa springi, limefungwa kwa minyororo. Halikuweza kwenda kasi kuliko mtu. Ndivyo tulivyosafiri: Dereva kwenye usukani, mimi pembeni yake, na Fundi akitembea kando yetu na fimbo yake, ubavu kwa ubavu na gari, njia nzima, wakibishana kupitia dirishani. Watu walioko mashambani walisimama na majembe yao kutazama.

"Panda, mtumwa wangu, nakuonea aibu."

"Onea aibu gari lako, mimi nalisubiri."

"Nafasi iko. Kiti kimepanguswa."

"Kimepanguswa na suruali yako."

"Utapanda lini basi? Sema mbele ya shahidi. Huyu mzururaji ni shahidi."

Fundi aliruka dimbwi. "Nitapanda siku utakayonyamaza," alisema.

Dereva alipiga honi kwa furaha mpaka ng'ombe wakakimbia. "Umesikia? Ameahidi!"

Lundo la Kibaha lilikuwa kubwa, limeota nyasi, na nyoka walikuwa wamepata makao humo. Tulizivuta springi moja baada ya nyingine. Fundi alipima upana wa majani kwa vidole, akaingiza pini machoni kuona kama inakaa bila kupwaya, akahesabu majani, mwisho akalaza ukili. Jua lilipokuwa kali, Dereva alipata moja iliyolingana kwa kila kitu, ila fundo la ukili halikuangukia kwenye bolti. Bolti ya springi ile ilikuwa katikati kabisa, wakati ya gari letu ilikuwa imesogea mbele kidogo, nusu moja ikawa fupi kuliko nyingine.

"Ndiyo yenyewe," Dereva alisema. "Imezidi vidole vinne tu."

"Siyo."

"Mtumwa wangu, vidole vinne! Hata mkono wako unakosea zaidi ya hapo ukipeleka tonge."

Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona Fundi akipigwa utani akashindwa kuurudisha. Aliirudisha springi kwenye lundo, akaendelea kuchimba mpaka alasiri, alipopata mbili zenye nusu fupi na nusu ndefu. Hazikuwa pacha, moja ilikuwa na jani la ziada. Alizifungua pale pale, akagonga kila jani na kulisikiliza, akachanganya, akapata jozi. Alipoziweka kwenye gari aliushika ukili na kuulaza juu ya kila springi, uzi mwekundu ukielekea kwenye taa, kabla hajakubali kuingiza bolti hata moja. Halafu akaulaza tena. Kwa kuwa hapakuwa na majirani, aliwaita vibarua wa barabara waliokuwa karibu. "Njooni mkae!" Walidhani ana kichaa, lakini walikaa.

Dereva alifungua mlango wa mbele. "Kaa na wewe."

Fundi alichukua fimbo yake, akaanza safari ya kurudi Kisarawe kwa miguu.

Niliyajua mengine sokoni. Udadisi wangu umeniletea matatizo mengi, lakini siku hiyo ulinifaa. Nilimuuliza mama wa vitumbua mkono wake ulipinda vipi, nikitegemea atanifukuza. Alicheka.

"Hujui? Ni huyo mzee wako."

Alisimulia huku akigeuza vitumbua kwenye kikaango. Zamani, kabla ya vita, Fundi akiwa ndiyo anaanza kazi, aliletewa lori moja akaweka springi mpya. Jozi ile nayo ilikuwa na nusu fupi na nusu ndefu. Alikuwa na watazamaji wengi siku hiyo, na maneno mengi, na springi ya kushoto akaigeuza, nyuma ikawa mbele. Kwa macho huwezi kuiona. Lakini ekseli ilikaa mshazari, lori likawa linatembea kiubavu kama kaa. Lilipoteremka Pugu likiwa na akina mama wa sokoni, dereva wake alishindwa kulishika, likaingia mtaroni. Hakufa mtu. Yeye mama wa vitumbua ndiye aliyevunjika mkono, na aliyeuunga hakuuunga vizuri.

"Nilimsamehe kabla haujapona," alisema. "Mambo ya kazi. Yeye ndiye hajanisamehe mimi. Kila siku ananunua vitumbua, na sukari haipendi, nani asiyejua? Nimemwambia aache. Hasikii."

"Ndiyo maana hapandi gari?"

"Mikono yake ilimdanganya siku ile, na macho yake. Sasa anaogopa makalio yasije yakamwambia kweli." Alicheka tena mpaka kitumbua kikaungua. "Akikaa akasikia imekosewa, atafanya nini? Atageuza magari yote ya Kisarawe?"

Tangu siku hiyo nilielewa pia kitu kingine, ambacho nilikuwa nakiona bila kukitia maanani. Kila Dereva aliporudi kutoka Mzenga, Fundi aliacha kazi. Alijifanya anatafuta kitu karibu na gari. Kisha, bila kumtazama mwenzake, aliuliza, "Ilikuwaje?"

"Wapi?"

"Pale kwenye mizizi inayokatiza njia."

"Inarusha. Inarusha kama punda aliyeumwa na nyuki."

"Na pale mtoni?"

"Mtoni niliacha roho, nikaifuata baadaye."

"Nyuma au mbele?"

"Kote! Bibi mmoja alipanda na meno, akashuka bila."

Fundi alikunja uso, akainama chini ya gari. Siku nyingine alitoa jani, akalipasha moto, akalikunja upya, akalitumbukiza kwenye oili chafu na kulirudisha. Siku nyingine alipaka majani mafuta ya nyonyo katikati ili yateleze. Miaka ilipita hivyo. Hakuna gari lililotunzwa kama lile katika wilaya nzima.

Nami nilipanda gari lile mara nyingi. Dereva alinifundisha kuendesha humo humo. Pale kwenye mizizi lilipita kama mtu anayevuka chumba anamolala mtoto. Nilimuuliza Dereva kwa nini anamdanganya mwenzake.

"Nikimwambia ni zuri, atapanda lini?" alisema. "Mwache asumbuke. Siku moja atachoka kuniuliza, atakuja kusikia mwenyewe."

"Nimwambie?"

"Thubutu! Utani una watu wawili. Wa tatu akitia mdomo, ni ugomvi."

Sikutia mdomo. Baadaye miguu yangu ikaanza tena kuwasha, nikaondoka. Nilikwenda Kilosa, nikaenda Tanga, nikarudi hadi Kibaha nikapata kazi ya kupakia mbao. Nilipita Kisarawe mara kwa mara kuwaamkia. Fundi alikuwa anazidi kukonda na kujisifu, Dereva anazidi kunenepa na kusema uongo. Kila nilipokuja gari lilikuwa linarusha kama kitu kipya: kama ungo, kama bahari, kama mke mwenye wivu.

Mara ya mwisho nilikuja kwa sababu niliitwa. Kijana wa malori alinikuta Kibaha jioni, akaniambia Dereva amefariki Kisarawe, homa ya siku chache, na ndugu wanataka azikwe Mzenga kwa wanawe, kesho yake. Wananitafuta niendeshe gari. Hakuna mwingine aliyelijua.

Nilifika asubuhi. Uani watu walikuwa wamejaa, na watani Wazaramo walikuwa wameshaanza kazi yao, wakiwachokoza waliofiwa ili kilio kisiwazidi. Fundi sikumwona. Nilimkuta ndani, na walioosha maiti. Alikuwa ameushika ule ukili. Kaburi lilikuwa linachimbwa Mzenga, na wachimbaji walihitaji urefu wa marehemu. Yeye kama mtani alidai ni kazi yake kuupima. Aliulaza ukili juu ya sanda kutoka utosini hadi nyayoni, akafunga fundo.

"Leo nimekupima bila kubishana," alimwambia.

Kisha akapapasa mfukoni, akatoa uzi mwekundu, akaufunga kwenye ncha ya upande wa kichwa. Kijana mwenye baiskeli akatangulia nao Mzenga.

Jeneza lilipotolewa nje, Fundi alikuwa amekwisha kunawa. Nilisikia harufu ya ndimu. Alikuwa ndani ya kanzu yake nyeupe, na kofia. Alilitazama jeneza likiingizwa kwenye bodi la mbao, akasema, "Haya. Gari lako hilo."

Niliwasha injini. Alikwenda akasimama mbele ya taa zile kama bakuli, akanyoosha fimbo.

"Halitoki!"

Hiyo ni desturi, watani huzuia maiti mpaka wapewe kitu, na ndugu wa marehemu walishaanza kutafuta mifukoni. Alitikisa kichwa.

"Sitaki chenu."

"Unataka nini, mtani?" aliuliza shemeji wa Dereva. "Jua linapanda."

"Nataka nafasi. Huyu alinialika miaka mingi, nyote mlisikia. Nikamwambia nitapanda siku atakayonyamaza." Alilinyooshea fimbo jeneza. "Amenyamaza. Mimi ni mtu wa ahadi."

Hakuna aliyecheka. Kisha mama wa vitumbua, aliyekuwa miongoni mwa wanawake, akasema kwa sauti, "Mpisheni akae!" Akaja mwenyewe, akamshika kiwiko kwa ule mkono wake uliopinda, akamsukuma juu kama yeye alivyozoea kuwasukuma wazee wa watu. Fundi alikaa nyuma, kushoto, pale pale juu ya springi, akakumbatia fimbo. Nilimpa muda wa kughairi, kisha nikatia gia.

Tulishuka Kisarawe kuelekea Mzenga. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho na kukaza taya, kama mtu anayengoja kipigo. Tulipita mchanga, tukapita udongo mwekundu uliochimbwa na mvua. Hakufumbua.

"Mzururaji," aliita mwishowe. "Tukifika kwenye mizizi uniambie."

"Tumeshaipita, mzee."

"Lini?"

"Kitambo. Na mtoni tumevuka."

Alifumbua macho, akageuka kutazama nyuma. Kwa mbali nyuma yetu ilionekana njia, na mizizi, na mto mkavu na mawe yake. Akautia mkono chini ya ubao wa kiti, akausikiliza kwa kiganja kwa muda mrefu, kama alivyosikiliza majani yaliyoning'inia kwenye kamba. Halafu akaulaza mkono juu ya jeneza.

"Mwongo wewe," alisema.

Waliokaa naye waliinua vichwa.

"Mwongo mkubwa! Punda aliyeumwa na nyuki? Bibi aliyeng'oka meno? Miaka yote hii, mtumwa wangu, nafungua, nafunga, nafungua, nafunga!" Alilipiga jeneza kofi, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kanzu ile isiyopata doa. "Hata chai isingemwagika humu! Mnasikia? Hata chai!"

Wakaanza kucheka, watani kwanza, kisha ndugu wa marehemu. Alimtukana njia nzima, na Mzenga ilipoanza kuonekana alikuwa bado hajafika nusu ya matusi aliyokuwa nayo. Nikapunguza mwendo.